Mwaka Tuliopanga Krismasi kwa Barua Pepe

Kabla ya intaneti, likizo ya familia yetu ilipangwa kwa barua moja. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, alikuwa na kazi ya ofisini Dar es Salaam, na kila mwezi wa kumi na moja aliandika: "Mama, shikamoo. Tutafika tarehe ishirini na mbili. Wasalimie wote." Basi, hakuna zaidi. Barua ilichukua wiki mbili kufika parokiani Kirua Vunjo. Katekista aliita majina baada ya misa, Mama akaenda mbele kuichukua kwa mikono miwili, akaisoma mwenyewe huku midomo ikicheza, kisha akaichomeka nyuma ya picha ya Bikira Maria ukutani. Tangu hapo tarehe ishirini na mbili ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Hata kaka angebadili mawazo, angemwambia nani? Barua ya kubadili ingefika baada ya yeye mwenyewe. Kwa hiyo alikuja. Alikuja akiwa na homa. Alikuja mwaka ambao mvua ilikata barabara, wakapanda mlima kwa miguu na masanduku kichwani. Alikuja mwaka ambao hawasemezani na mkewe, mmoja amekaa mbele ya basi na mwingine nyuma. Zamani niliamini kwamba alikuja kwa upendo. Siku hizi nadhani alikuja kwa sababu hakuwa na njia ya kutokuja.

Kwetu Uchagani Krismasi ni kurudi. Kijiji kinachokaa kimya mwaka mzima, wazee na ng'ombe wao, mwezi wa kumi na mbili kinajaa magari na watoto wasiojua Kichagga wanaolialia wakiona choo cha shimo. Mama alijiandaa kwa kuhesabu siku kurudi nyuma kutoka ile tarehe ya barua. Mbege, pombe yetu ya ndizi, haina haraka na haina subira. Ndizi zinakatwa, zinaachwa ziive, zinapikwa, zinakaa pipani siku zake, ndipo unakuja ulezi ulioota na kusagwa, na ukishachanganya tu, umebakiwa na siku moja, mbili ukijidanganya. Baada ya hapo unayo siki. Mama alikuwa hodari wa hesabu hiyo. Sikumbuki hata mwaka mmoja ambao kaka aliteremka kwenye gari mbege ikawa haijawa tayari au imepitiliza. Alipewa kata ya kwanza akiwa bado na vumbi kwenye nyusi.

Mimi ni mtoto wa pili, binti. Niliolewa nikarudi, sikuleta mtoto wala sufuria, nikapanga chumba Kiboriloni na kuuza mapazia ya mitumba pale sokoni. Mdogo wangu, wa tatu na wa mwisho, ni muuguzi katika nchi moja ya baridi huko Ulaya. Kwa sababu wao wawili walikuwa mbali na mimi nilikuwa karibu, nilikuwa mjumbe. Kama dawa ya ng'ombe ilihitajika, nilipanda nayo Kirua. Kama Mama alitaka kuwaambia watoto wake wa maana jambo fulani, nilishuka nalo mjini. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama kazi hiyo naitaka.

Ugomvi ulianza na kahawa. Bei ilishuka mpaka ikawa aibu kutaja, na majirani wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Krismasi moja kaka alisimama katikati ya kihamba, shamba letu la nyumbani, ameweka mikono kiunoni kama bwana shamba, akasema mibuni ya marehemu baba ing'olewe yote. Mama alikuwa anamenya ndizi za supu ya mtori. Hakuinua kichwa. Alisema, mbele ya mke wa kaka na watoto wake, "Ukitaka kung'oa kahawa ya baba yako, usikanyage tena hapa mpaka nife." Kaka alicheka, lakini masikio yalikuwa yamemwiva. Mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuja. Kulikuwa na sababu ya kazini. Mwaka wa pili kulikuwa na sababu nyingine.

Mama hakuwahi kusema kwamba alikosea. Ila alianza kufunga beberu bandani na kumlisha majani ya ndizi na chumvi, na ukimuuliza ni wa nini, anajibu, "Ni wa mwenye kuchinja." Tangu baba alipofariki, mwenye kuchinja nyumbani kwetu ni kaka. Beberu yule alinenepa miaka miwili, mpaka akawa anasimama kwa shida. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani: mwanawe arudi, achinje, anywe kata ya kwanza, na lile neno lililomtoka akimenya ndizi life kifo chake. Niliona wazi. Na nitasema ukweli kwa kuwa nimeamua kuusema: liliniuma. Mimi nilikuwa napanda kila Jumamosi, mvua na jua, na hakuna mbuzi aliyewahi kunenepeshwa kwa ajili yangu.

Mwaka wa tatu ndipo mdogo wangu alipopata wazo. Alinipigia simu kwenye duka la jirani yangu, akaniambia niende Moshi mjini, kwenye kafe ya intaneti, nifunguliwe anwani ya barua pepe. "Sasa tutapanga likizo kama watu wastaarabu," alisema. "Kila mtu atatoa maoni yake, hakuna atakayelazimishwa." Kumbe miaka yote tulikuwa washenzi na hatujui.

Kafe yenyewe ilikuwa juu ya duka la vipuri, mwendo mfupi kutoka mnara wa saa. Kompyuta sita zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za bibi, na dada mmoja mwenye kutafuna ubani aliyekuonyesha pa kubonyeza kwa kucha ndefu yenye rangi. Nilijifunza upesi kuliko alivyotarajia. Nikaanza kwenda kila Jumanne na Ijumaa. Nilisoma, nilichapisha zilizomhusu Mama, na Jumamosi nikapanda nazo Kirua.

Sijawahi kuona watu wawili wakipanga safari kwa bidii vile bila kusogea hata hatua moja. Kaka aliandika kwamba watafika tarehe kumi na tano, mara tu shule zikifungwa. Mdogo wangu alijibu kwamba yeye hatapata likizo mwaka huu, lakini ana maoni. Maoni yalikuwa mengi. Kaka akajibu maoni. Mke wa kaka, yaani wifi yangu, mwanamke ambaye kwenye barua za zamani alikuwa salamu tu mwishoni, naye sasa akapata uwanja: je, choo kimejengwa? Je, watoto watalala wapi na mbu? Je, maziwa ya ng'ombe yanachemshwa? Nikamjibu kwamba Kirua mbu wanaona baridi kama yeye. Hakufurahi. Mdogo wangu akaniandikia peke yangu kunionya kwamba lugha yangu ni kali na kwamba kwenye barua pepe watu hawaoni uso. Nikamwandikia kwamba uso wangu ulikuwa mkali pia.

Mama alizipokea zile karatasi kwa heshima ileile ya barua za zamani. Mwanzoni alizichomeka nyuma ya Bikira Maria. Baada ya wiki chache picha ikawa imebinuka kabisa, Mama Maria anatazama dari, ikabidi nyingine ziwekwe kwenye kopo la biskuti.

"Hii inasema kumi na tano," Mama aliniambia siku moja, amezipanga mbili mapajani. "Na hii inasema ishirini. Ipi ndiyo barua?"

"Ya mwisho, Mama."

"Na nikitengeneza mbege ya hii ya mwisho, ataandika nyingine?"

"Sijui, Mama."

"Enzi za baba yako mtu akisema siku, alikuwa amesema."

Alikuwa ameshapika ndizi za tarehe kumi na tano. Ulezi ulikuwa umeshasagwa. Akachanganya tu, maana hakuna namna ya kumwambia pipa lisubiri. Tarehe kumi na tano walikuja majirani kunywa mbege ya kaka yangu. Walikunywa vizuri, wakafuta midomo, wakauliza, "Wageni wenu wamekwama wapi?" Mama akasema ni mambo ya ofisi. Akawasindikiza mpaka kwenye mfereji, akacheka nao. Nilimwona aliporudi. Alikaa juu ya kinu bila kufanya kitu, jambo ambalo mama yangu hakuwa na kawaida nalo.

Akaanza upya kwa tarehe ishirini. Safari hii ndizi za kwetu hazikutosha, tukaomba kwa jirani. Nilikuwa nimehamia Kirua kwa muda kumsaidia, nikishuka mjini asubuhi na kupanda jioni. Tarehe kumi na nane nikasoma barua nyingine: tarehe ishirini haiwezekani, wifi ana harusi ya rafiki yake, na kwa vile sasa sikukuu imeshafika mlangoni, kwa nini wasifikirie mahali pengine kabisa? Mdogo wangu, kutoka kwenye baridi yake, alikuwa ametuma picha ya hoteli moja ya Unguja. Picha ilishuka polepole kwenye kioo cha kompyuta, kwanza mbingu, halafu mnazi, halafu bwawa la kuogelea lililokaa mita chache kutoka baharini, sijui kwa ajili ya nani. Chini yake aliandika, "Hata Mama aende, naye aone dunia."

Nilimfikishia Mama. Akafikiri kidogo. "Huko Unguja," akasema, "ng'ombe wangu atakamuliwa na nani?" Alikuwa anauliza kweli. Kisha akauliza la pili, kwa sauti ya chini: "Ni lile neno langu, si ndiyo? Anazungukazunguka kwa sababu ya lile neno."

Nilipaswa kusema kwamba kaka anazungukazunguka kwa sababu sasa anaweza. Badala yake nilichukua ndoo nikaenda kukamua.

Kesho yake asubuhi, mbege ya pili ikiwa imeshaanza kunukia uchachu, Mama alikwenda kwenye mpaka wa kihamba na kisu. Kule mpakani kuna sale, mimea ya majani marefu ambayo wazee waliipanda kutenganisha shamba na shamba. Kwa asiyejua ni ua tu. Kwetu jani lile likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, limeomba msamaha kwa niaba yako, na anayelipokea hana ruhusa ya kulikataa. Hata damu imewahi kumalizwa kwa sale. Aliyelikataa wazee hawakumpiga wala kumtoza faini. Walimhesabu kuwa si mtu wao. Mtoto humpelekea mzazi, mdogo humpelekea mkubwa. Sijawahi kusikia mzazi akimpelekea mtoto, na Mama naye alikuwa hajasikia, maana alipolifunga lile fundo alikuwa anaangalia huku na huku kama mwizi.

Aliliviringisha ndani ya jani kavu la mgomba, akanipa. "Wape watu wa basi la Dar," akasema. "Leo hiihii litamfikia. Mwambie ni mama yake anayeomba. Kisha uniletee alichosema."

Mjumbe wa sale lazima arudi na jibu. Hilo ndilo sharti la kazi.

Nilishuka. Stendi ya mabasi na kafe ya intaneti haviko mbali, na mguu wangu ulikuwa umeshazoea, ukanipeleka kafe kwanza. Dada wa ubani alinifungulia. Kulikuwa na barua moja, ya kaka, kwa mdogo wangu na mimi. Ameshalipia hoteli ya Unguja. Wataondoka tarehe ishirini na tatu. Mama asisumbuliwe na safari, umri wake hauruhusu, watamtumia kanga na sukari. Kisha akaandika haya, na nayakumbuka bila karatasi: "Kusema kweli sina hamu ya kukaa kwenye moshi wa kuni nikitazama mibuni inayooza. Wewe si uko hapo? Kaa naye. Ndiyo kazi yako."

Nilisoma mara tatu. Nilikuwa na lile jani kwenye kikapu, chini ya miguu yangu. Nilimfikiria Mama akiangalia huku na huku. Nilimfikiria kaka akilipokea dirishani kwa karani wa basi, analifungua mbele ya wenzake, anasema, "Mambo ya mama zetu wa milimani hayo." Hasira niliyoisikia ilikuwa safi, karibu ya kustarehesha. Nilikwenda stendi. Karani wa vifurushi alikuwa amenyoosha mkono tayari. Nikamwambia nimesahau anwani. Nikarudi Kiboriloni, na sokoni, kwenye rundo la maganda na kabichi zilizooza nyuma ya vibanda, nikalitupa sale la mama yangu.

Nilipopanda jioni Mama hakuwa jikoni. Alikuwa ameketi kwenye jiwe la nje, amevaa kanga safi.

"Limekwenda?"

"Limekwenda, Mama."

Siku mbili hakuuliza. Siku ya tatu aliuliza. "Amelipata?"

"Amelipata."

"Amesema nini?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema basi limeharibika njiani. "Hakusema kitu," nikasema.

Hakulia. Alikwenda kwenye pipa la mbege, ya tatu hiyo, aliyokuwa ameipika kwa matumaini bila tarehe yoyote, akalipindua kwenye mashina ya migomba mpaka likaisha. Beberu alimfungua, akampeleka kwa jirani kwa kamba, akarudi na kamba peke yake. Kisha akanitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akasema, "Basi mtoto wangu ni wewe."

Nilifurahi. Sitalipamba. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa kipande cha nyama cha mkubwa wake.

Mjini sikushuka tena. Kafe ya nini? Kila kitu kilikuwa kimeshapangwa.

Tarehe ishirini na nne mchana, tukiwa tunachambua maharage, gari liliingia kihambani. Akateremka kaka, amekonda, na mkewe, na watoto wawili wenye kofia za jua. Nilidhani naota. Kaka alikuja mbio mbio, hakufunga hata mlango wa gari, akainama mbele ya Mama. Alimsalimia kwa Kichagga, ile salamu ndefu ya asubuhi ya nyumbani, salamu ambayo hata mimi huwa naikatisha katikati. Uso wake ulikuwa umefunguka. Alikuwa kama anangoja kitu ambacho ameshaahidiwa.

Mama alisimama, akakung'uta maganda ya maharage kwenye kanga. "Karibuni wageni," akasema. Kwa Kiswahili.

Mama yangu alizungumza Kiswahili na padri, na daktari wa ng'ombe, na watu wa serikali. Sisi watoto wake hakuwahi kutusemesha Kiswahili, hata kwa utani. Wifi, ambaye hajui Kichagga, hakugundua lolote, akafurahi kwamba leo anaelewa. Kaka alielewa. Alibaki ameinama kwa muda, mikono magotini, kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

"Safari ilikuwaje?" Mama akauliza, bado kwa Kiswahili. "Kaeni. Mtaletewa chai."

Chai. Siku ya mkesha wa Krismasi, katika nyumba ya Kichagga, mtoto wa kwanza wa kiume anapewa chai na biskuti kwenye sahani, kama mtu wa sensa. Watoto walikunywa. Kaka alishika kikombe mpaka kikapoa. Aliuliza habari za ng'ombe, akajibiwa kwamba ng'ombe hajambo, ahsante. Alitazama banda tupu la beberu. Akatazama pipa lililopinduliwa.

Nilipokwenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni alinifuata. "Mdogo wangu," akasema. "Mama ulimwambia?"

Sikujua anauliza nini. Nilidhani ni yale mambo ya Unguja, au kwamba wamebadili tena, maana lini hawajabadili? Nilijibu jibu ambalo lingemaliza mazungumzo.

"Nilimwambia."

"Na akasema nini?"

"Si umemwona mwenyewe?"

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Walilala hoteli mjini, siku ya Krismasi walisali misa ya Moshi, na tarehe ishirini na sita walirudi Dar. Mama aliwaaga, "Safari njema," akaingia ndani kabla gari halijageuza.

Nilishuka mjini katikati ya Januari, kwa shughuli zangu za mapazia, na nikapita kafe kwa mazoea tu. Barua ilikuwa hapo. Iliandikwa siku moja baada ya ile ya hoteli, wakati mimi nimeshaacha kushuka mjini. Haikutumwa kwa mdogo wangu. Ilikuwa yangu peke yangu.

Kaka aliandika kwamba hakulala. Hoteli ameifuta, pesa hawarudishi na hajali. "Niliyoandika jana ni maneno ya mtu mwenye aibu. Tunakuja nyumbani tarehe ishirini na nne. Nisaidie kitu kimoja. Nenda mpakani, chuma sale, funga fundo, mpelekee Mama kwa jina langu. Mwambie nimekosa mimi, kahawa ya baba haitaguswa. Akilikataa, niandikie, ili nisiwalete watoto kuona aibu yangu. Nisiposikia kitu nitajua amelipokea."

Dada wa ubani aliniuliza kama nachapisha. Nikasema ndiyo. Nilikunja karatasi mara nne, nikaiweka kwenye mkoba, nikapanda Kirua siku hiyohiyo.

Njia nzima nilikuwa nimeamua kumpa. Mama anajua kusoma. Ningempa tu, ningekaa kimya, angesoma mwenyewe huku midomo ikicheza. Nilimkuta amenihamishia godoro langu chumba cha mbele, kile ambamo kaka hulala akija, na amenibakizia mtori. Aliniambia paa la "jikoni kwetu" linavuja. Kwetu, yeye na mimi. Akauliza, bila kunitazama, akikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa:

"Huko mjini kuna barua?"

Kumpa ile karatasi ilikuwa ni kumpa na ile habari ya rundo la kabichi. Haziachani. Nilimtazama mgongo.

"Hakuna, Mama."

"Haya. Kula, mtori usipoe."

Nilikula. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo silipambi.

Waliendelea kuongea, mama na mwanawe. Simu za mkononi zilikuja, kaka akamnunulia moja, akawa anampigia kila Jumapili. Nilikaa pembeni nikisikiliza. "Hujambo? Watoto hawajambo? Ahsante kwa sukari." Kiswahili sanifu, kilichonyooka, kama kinatoka redioni. Kaka aliuliza kwa Kichagga, akajibiwa kwa Kiswahili, na wiki iliyofuata akajaribu tena. Alijaribu hivyo kwa miaka mitatu. Desemba zote hizo aliniandikia kuuliza tarehe gani inafaa aje, nami nilimjibu kwamba Mama hajasema.

Mama alifariki wakati wa masika, kwa mapafu, baada ya siku nne. Mazishi yalipangwa kwa barua pepe na simu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebadili tarehe. Wote walifika, mdogo wangu kwa ndege, kaka kwa gari, siku moja kabla, kama zamani.

Asubuhi ya kuzika, watu wakiwa wamejaa kati ya migomba na mibuni ya baba, niliona kaka ameondoka peke yake kuelekea mpakani. Nilimfuata. Alikuwa amechuma sale, refu, limelowa mvua. Alitaka kulifunga fundo na hakujua. Alikulia mjini tangu sekondari, hakuna aliyewahi kumfundisha. Alilipinda huku, akalipinda kule, likafunguka.

"Labda sasa atalipokea," akasema.

Nililichukua mkononi mwake, nikamfungia.